Waifai Inaishia Kwenye Kamba ya Nguo

Hivi nani alituroga? Intaneti inalipiwa kila mwezi bila kukosa, ruta imekaa sebuleni kwenye kitambaa cha kufuma kama picha ya marehemu babu, lakini ukitoka mlango wa jikoni ukaelekea banda la uani, mawimbi yanakuaga kwenye kamba ya nguo. Kabla ya kamba, video inacheza. Ukiipita kamba, kile kiduara kinaanza kuzunguka kama mtu aliyepoteza kiatu msikitini. Na ni mita 25 tu! Mama akirusha ndala kutoka jikoni inafika na inampata mtu wake, mawimbi yanashindwa.

Hata namna ya kulieleza tatizo ni tatizo. Usije ukasema mbele ya mkeo, "Nataka kupeleka intaneti nyumba ndogo." Sema banda la uani. Taja lina vyumba vingapi na nani anakaa humo, ndipo uendelee na mambo ya nyaya.

Tuangalie tulichojenga. Tofali la simenti la inchi sita, plasta ndani na nje. Nguzo zimejaa nondo. Dirisha la alumini lenye kioo cha giza. Banda lenyewe limeezekwa bati, mlango wa chuma, na upande wa mbele mtu ameongeza kibaraza akakizungushia bati tena. Mawimbi ya redio yakikutana na bati hayapiti, yanarudi kama mgeni aliyekuta mbwa hajafungwa. Katikati ya ua kuna tangi la maji la lita 2,000, na maji yanameza mawimbi kuliko hata ukuta. Pembeni mwembe, nao majani yake yamejaa maji. Halafu mwenye nyumba anauliza, "Kwani nimekosea wapi?" Hujakosea, mzee. Umejenga handaki, na handaki linafanya kazi yake.

Basi anakimbilia dukani, anarudi na ruta ya antena nane, imekaa kama kaa aliyepinduliwa. Kaambiwa inafika mita 300. Labda baharini, siku isiyo na chombo. Kitu ambacho hakuna anayekiambia ni kwamba waifai ni maongezi ya watu wawili. Ruta ikisema, simu lazima ijibu. Ruta hata uipe kipaza sauti cha muadhini, simu ina sauti ya mgonjwa wa mafua, na hukuinunulia simu antena. Ndiyo maana uko uani unaona vijiti vitatu, lakini ujumbe hauendi: simu inaisikia ruta, ruta haiisikii simu. Vijiti ni nusu ya habari tu. Pakua programu ya kupimia mawimbi, usome dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Namba ni za hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mambo yalivyo mazuri. Hasi 50 ni raha. Hasi 67 unapiga simu ya video bila kuganda. Ukiona hasi 80, rudi jikoni.

Baada ya kaa kushindwa, inakuja repita. Hapa ndipo roho inaponiuma. Kidude cha kuchomeka kwenye soketi, mtu anakipeleka moja kwa moja uani, mahali ambapo mawimbi hayafiki, anakaa anasubiri. Repita si mganga! Inarudia ilichosikia. Ikisikia mkwaruzo, inarudia mkwaruzo, tena kwa sauti kubwa, na simu inaonyesha vijiti vyote huku hakuna kinachofunguka. Repita inawekwa katikati ya safari, pale mawimbi bado yana nguvu, tuseme hasi 60 hivi. Na katikati ya safari kwetu ni wapi? Kwenye kamba ya nguo. Soketi iko wapi? Haipo.

Na hata ukiipatia mahali, repita ya bei rahisi ina redio moja. Haiwezi kusikia na kusema kwa wakati mmoja. Umeshahudhuria mkutano wa mhubiri wa kigeni na mkalimani wake? Saa mbili za mahubiri, ukitoa ya mkalimani, neno lenyewe ni saa moja. Repita ndivyo ilivyo: kasi ya waifai inakatika nusu, kama sio zaidi. Unalipia megabiti 20, na bandani zinaweza zisifike zote.

Kuna na vile vidude vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme wa nyumba. Kizuri sana, kama majengo yote mawili yanatumia mita moja. Banda la uani lina LUKU yake, tena umegombana na wapangaji wiki tatu ndipo ukaiweka. Mita mbili, mawasiliano hakuna, au yanapita kwa kuchechemea. Rudisha dukani kama wanapokea.

Dawa ni waya. Waya, jamani! Watu wako tayari kununua vidude vitatu mfululizo ili wakwepe kuchimba mfereji wa mita 25 ambao kijana anaumaliza kabla ya chai ya saa nne. Waya wa mtandao unabeba hadi mita 100 kwa kipande kimoja. Waya wa daraja la Cat5e unapitisha gigabiti 1 kwa urefu huo, kwa hiyo anayekushauri ununue Cat8 kwa ajili ya wapangaji wawili na mtoto mmoja wa chuo, muulize anapata asilimia ngapi.

Ila kuwa macho dukani. Kuna waya wa shaba tupu na kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, na kwa macho ni mapacha. Omba kipande, kwangua kwa kisu: ukikuta weupe ndani, hiyo ni alumini. Boksi lake nalo ni jepesi, unalinyanyua mpaka unashangaa. Alumini hukatika ukiukunja mara chache, na umeme ukipita ndani yake unapungua njiani. Jambo la pili, ule waya wa kijivu ni wa ndani ya nyumba. Jua la Dar es Salaam halichukui muda kuupasua ganda, na mvua ikiingia umekwisha. Chukua mweusi wa nje, na hata huo uupitishe kwenye paipu ya plastiki ya milimita 25. Acha kamba ya nailoni ndani ya paipu, siku ukitaka kuvuta waya mwingine hutachimba tena. Na usiulaze kwenye paipu moja na waya wa umeme mkubwa. Uache nafasi kati yao.

Sasa fundi anakuja kubana plagi. Nyaya nane, rangi nne. Mpangilio wa kawaida ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Fundi wetu anapanga anavyoona inapendeza, kama kanga dukani, halafu anakwambia, "Bosi, mradi pande zote mbili zifanane." Sio mradi zifanane! Nyaya zile zimesokotwa wawili wawili kwa sababu, msokoto ndio unaozuia kelele. Ukichanganya ndoa zao, kile kipimio cha taa kitawaka moja mpaka nane vizuri kabisa, fundi atachukua hela yake, na intaneti itakuwa inakatika kila ukipakua kitu kikubwa. Akikuambia nyaya nne zinatosha, hadanganyi, lakini kasi yako itaishia megabiti 100.

Waya umefika bandani. Kabatini kuna ruta ya zamani, nzima kabisa, iache kulala. Ichomeke kwanza kwenye kompyuta, peke yake, ufungue mipangilio yake. Kama anwani ya ruta kubwa, ile ya sebuleni, ni 192.168.1.1, hii ndogo ipe 192.168.1.2, na hakikisha namba hiyo haimo kwenye zile ambazo ruta kubwa inagawa. Zima DHCP ya ruta ndogo, ile kazi ya kuzigawia simu namba, maana mgawaji wa namba awe mmoja. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapovunjika: wagawaji wawili ndani ya ua mmoja, simu hii inapewa namba na mkubwa, ile inapewa na mdogo, yenye bahati mbaya inaandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti", na lawama zote anabebeshwa mtoto wa watu aliyekuja likizo. Jina la waifai na paswedi viwe vilevile kama vya nyumba kubwa, herufi kwa herufi, ili simu ihame yenyewe. Chaneli ndiyo itofautiane: kubwa iwe 1, ndogo iwe 6 au 11, kwa gigahezi 2.4 hizo tatu haziingiliani. Ukimwona mtu ameweka 3 kwa sababu ni siku ya kuzaliwa ya mwanae, mpe pole.

Waya unaotoka nyumba kubwa uuchomeke kwenye tundu la LAN, moja ya yale manne yanayofanana. Lile la rangi tofauti, peke yake pembeni, linavutia kama embe bivu, liache. Ukichomeka hapo, ruta ndogo inajitenga na kuanzisha ukoo wake, na printa ya sebuleni haitaonekana uani mpaka kiama.

Simu zenyewe nazo zina mapenzi ya kung'ang'ania. Umekaa bandani chini ya ruta mpya, simu bado imeshikilia mawimbi ya sebuleni yaliyobaki uzi mmoja. Ruta ya sebuleni ipunguze nguvu ya kurusha. Ndiyo, ipunguze. Nikiwaambia watu hivyo wananiangalia kama nimewaambia wapunguze sukari.

Nakubali kuna wasioweza kuchimba. Ua umemwagwa zege, au kuna njia ya watu katikati. Hapo nunua jozi ya redio za nje za gigahezi 5, moja kila jengo, zitazamane uso kwa uso. Moja unaiweka irushe, nyingine ipokee, kisha ndani ya banda unaongeza ile ruta ndogo kama kawaida. Zifunge juu, mita tatu na kuendelea, ziwe zinaonana bila mwembe katikati. Kwa mita 50, acha uwazi wa kama nusu mita kuzunguka mstari wake. Kipimo kizuri ni kati ya hasi 40 na hasi 60. Kwa mita 25 zikiwa na nguvu zote zitakuwa zinapigiana kelele sikioni, kwa hiyo shusha nguvu hapo pia. Waya unaoingia ukutani uuning'inize upinde chini ya tundu kabla haujaingia, maji ya mvua yadondoke hapo, yasiingie nao sebuleni. Kiboksi cha umeme cha kila redio kina matundu mawili, PoE (umeme ndani ya waya wa mtandao) inakwenda kwenye redio, LAN inakwenda kwenye ruta. Ukibadilisha, unaweza kupeleka volti 24 kwenye ruta isiyoziomba. Utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Radi nayo tuiseme, maana masika hayabishi hodi. Waya wa shaba kati ya majengo mawili, kila moja na ethi yake, ni barabara ya radi kutoka jengo moja hadi jingine. Weka vizuizi vya radi pande zote mbili, vyenye ethi ya kweli, sio waya uliofungwa kwenye msumari. Mwenye uwezo apitishe faiba, waya wa kioo, ile inayokuja imeshafungwa plagi, na vigeuzi viwili vidogo vya kuiunganisha na waya wa kawaida, kimoja kila upande. Kioo hakipitishi umeme, radi ikipiga huku, kule watu wanaendelea na tamthilia yao. Usiikunje kona kali tu.

Na siku uani wakipiga kelele kwamba intaneti imekufa, kabla hujagusa ruta uliza swali moja: uniti zipo? Mara nyingi LUKU ndiyo imekufa. Unaweza kukwepa hilo kwa kununua kirushio kinachopokea umeme kupitia waya wa mtandao wenyewe kutoka nyumba kubwa. Banda zima liwe giza, waifai inawaka. Wapangaji watakuombea dua, na utakuwa umeanza kulipa umeme wao kwa kijiko.

Mfereji uchimbe futi moja na nusu kwenda chini, paipu ilale juu ya mchanga, ifukie nusu, tandaza utepe wa rangi kali, malizia kufukia. Kisha chora ramani ya inakopita, pima kutoka ukutani kwa mita, uibandike ndani ya boksi la mita. Maana wiki ijayo fundi bomba atakuja na sururu lake. Ataukata. Ukimuuliza, atasema aliuona, akajua ni mzizi wa mwembe.