Faili Zilizookolewa: Nani Aruhusiwe Kuzisoma?

Mfumo wa faili wa Linux unapoharibika, pengine kwa sababu umeme umekatika ghafla, programu ya kuurekebisha huweza kukuta faili ambazo bado zimo kwenye diski lakini hazionekani tena katika saraka yoyote. Kwenye ext4, mfumo wa faili unaotumika sana Linux, programu ya urekebishaji iitwayo e2fsck huziweka katika saraka ya lost+found na kuzipa majina yanayotokana na namba za inodi zao (inodi ni rekodi ya diski inayotunza taarifa za faili, isipokuwa jina lake), mfano #12345. Mmiliki na ruhusa za faili husalia, kwa kuwa vimeandikwa ndani ya inodi. Kinachopotea ni jina na mahali ilipokuwa.

Hatari inaanzia kwenye mahali hapo palipopotea. Watumiaji wengi hawafungi faili moja moja, bali hutegemea saraka ya nyumbani yenye ruhusa 0700, yaani mmiliki pekee ndiye anayeweza kuingia, huku faili zilizomo zikiwa na 0644, ambayo humruhusu kila mtu kusoma. Faili kama hiyo ikihamishiwa saraka iliyo wazi, yeyote mwenye akaunti kwenye seva ataweza kuisoma. Ndiyo maana e2fsck huunda lost+found kwa 0700, ilhali xfs_repair, programu kama hiyo ya mfumo wa faili wa XFS, kwa miaka mingi iliiunda kwa 0755, inayomruhusu kila mtu kuingia na kuorodhesha. Hata 0711, inayozuia kuorodhesha bila kuzuia kupita, haitoshi, maana majina ya namba hubahatishika.

Wanaolalamikia ukali huo wana hoja: mwenye faili hawezi kuona kilichookolewa mpaka amwombe msimamizi, naye msimamizi hana jina la kumwongoza. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja hiyo ni kero tupu, ingawa mtu huyo kwa kawaida ana sudo, amri ya kutenda kwa mamlaka ya msimamizi. Hata hivyo, urekebishaji mara nyingi hufanyika mashine inapowaka, bila mtu kuusimamia, na saraka iliyofungwa hufunguliwa baadaye kwa amri moja.

Nisilolikubali ni pendekezo la kubadili faili zenyewe ziwe 0600, yaani mmiliki pekee asome na kuandika. Skripti itapoteza ruhusa ya kutekelezwa, kikundi kitapoteza faili yake ya pamoja, na msimamizi aliyemtambua mmiliki kwa UID, namba ya mtumiaji, hatajua tena jinsi faili ilivyokuwa. Isipokuwa inodi yenyewe imeharibika: hapo ruhusa zilizoandikwa haziaminiki, na kuondoa alama ya setuid, inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake, ni halali kabisa.