Tungenunua, tena bila kubembelezwa

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nachambua dagaa, redio nimeiweka dirishani, stesheni ya ng'ambo ya mpaka ambayo sisi wa Malaba, mji wa Uganda mpakani na Kenya, tunaisikia vizuri kuliko za Kampala. Mgeni wa kipindi aliulizwa: likija gonjwa jingine kama korona, vikauzwa vipimo vya bei nafuu vya kujipimia nyumbani, watu watanunua? Hakusita hata kidogo. Akasema watu wetu hawanunui kinga, wananunua tiba. Hata kikiuzwa shilingi elfu mbili za Uganda, mtu wa kawaida ataona afadhali ale rolex, chapati yetu ya kukunjia mayai. Mtangazaji akacheka, wakaenda kwenye matangazo.

Mimi sikucheka. Wiki nzima nimekaa na maneno yale, na kila nikiyageuza yananiuma upya, kwa sababu ndiyo maneno yatakayorudiwa siku wakubwa watakapokaa kuamua nini kiletwe na nini kisiletwe. Mtu akishasemewa kwamba hanunui, hakuna atakayemletea.

Kwanza hiyo habari kwamba hatununui kinga. Bwana yule alikuwa wapi mwaka 2020 na 2021? Malimau na tangawizi vilipanda bei sokoni mpaka wenye vibanda wakawa wanavificha chini ya meza kwa ajili ya wateja wao wa kila siku. Kila nyumba ilikuwa inajifukiza. Na Covidex je? Dawa ile ya mitishamba ya Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, iliyopewa kibali na mamlaka ya dawa mwishoni mwa Juni 2021. Kichupa kidogo kama cha dawa ya macho. Watu walikitafuta kama lulu, bei ikaruka, na bado kikaisha madukani. Hao ndio watu wasionunua?

Na kujipima tumekuzoea siku nyingi. Ingia duka lolote la dawa hapa mjini uulize kipimo cha mimba. Utapewa kabla hujamaliza kusema, kwa elfu moja au elfu mbili, kimefungwa kwenye karatasi iwe siri yako. Nakumbuka usiku mdogo wangu aliponiita bafuni kwa kunong'ona. Tulichuchumaa sisi wawili, mkojo kwenye kifuniko cha Blue Band, mimi nimeshika simu tupate mwanga. Tulichovya kijikaratasi, tukakilaza juu ya sabuni, tukakitolea macho. Mstari wa kwanza ulikuja haraka. Wa pili ukachelewa, ukaja mwembamba kama uzi uliochuja rangi, mpaka tukabishana kama upo au haupo. Ulikuwepo. Mtoto sasa yuko darasa la pili na anasumbua kila mtu.

Hakuna aliyetufundisha maabara. Na kile cha korona ndicho hichohicho, kijikaratasi kwenye kikasha cha plastiki, mstari mmoja huna, mistari miwili unao, tofauti ni kwamba unapangusa pua badala ya kuchovya kwenye mkojo. Wahudumu wa afya wa kijiji, VHT, wengi wao ni wakulima kama sisi, wanapima watoto malaria kwa tone la damu ya kidole na vipimo vya aina hiyohiyo. Wanaume ambao hawawezi kukanyaga kliniki hata kwa bunduki wamejipima Ukimwi nyumbani kwa kupangusa fizi na kijiti. Kujipima Ukimwi Shirika la Afya Duniani lilikupendekeza tangu 2016. Kujipima korona lilikuja kukupendekeza Machi 2022. Wamarekani walikuwa wamekwisha kuidhinisha kipimo cha kwanza cha kununua bila cheti cha daktari Desemba 2020, na Ujerumani duka la Aldi liliviweka rafuni tarehe 6 Machi 2021, vikaisha saa chache tu. Hatuna tofauti na Wajerumani kwa hamu ya kujua. Hapa Malaba ilipofika Machi 2022, tulikuwa tumeshapanga foleni miaka miwili.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike.

Kaka yangu ni dereva wa lori, Mombasa mpaka Kampala, wakati mwingine anavuka mpaka Juba. Kuanzia Aprili 2020 madereva wote walipimwa mpakani, na vipimo vilikwenda maabara, majibu yakarudi baada ya siku kadhaa. Siku hizo malori yalikuwa yamesimama upande wa Kenya hadi mwisho wa macho. Watu waliishi barabarani. Walipika barabarani, walifua wakaanika kwenye vioo vya malori. Na kwenye televisheni kila jioni hesabu ilisomwa: leo wagonjwa wapya kadhaa, wote madereva. Watoto wa mtaani kwetu wakawa wanaona lori linapita wanapiga kelele, "Korona! Korona!"

Nyumbani kwa mama ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kituo cha forodha. Safari moja, mwezi wa tano, kaka alifika saa kumi na mbili jioni, kafyu inakaribia. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, karibu na mwembe, akaita, "Mama, shikamoo." Mama akatoka na kanga begani, akataka kumwendea kama kawaida yake. Kaka akarudi nyuma. Mama akasonga, kaka akarudi tena. Nilikuwa mlangoni, naona kwa macho yangu. Mwisho mama akaenda jikoni, akapakua ugali na samaki, akaweka sahani juu ya kigoda katikati ya uwanja, akarudi kibarazani. Kaka akaja akachukua sahani, akaenda kula chini ya mwembe akiwa ametupa mgongo. Sijui kama alitupa mgongo kwa sababu ya virusi au kwa sababu hakutaka tumwone uso.

Swali lake usiku ule lilikuwa moja tu: naweza kumkaribia mama? Jibu lilikuwa maabara, likaja siku tatu baadaye, na likaja kwamba hana. Siku hizo tatu alikwisha kuondoka.

Ndiyo maana nasema mgeni wa redio hakuelewa kinachouzwa. Kipimo kile mtu hakinunui kama kinga, wala kama tiba. Ananunua jibu. Na jibu lina bei mbili: ile unayolipa dukani, na ile unayolipa baada ya kulijua. Wote wanaongea juu ya ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyotutoa roho.

Fikiria mwaka ule ukikutwa nao ilikuwaje. Gari linakuja na king'ora. Wanashuka watu wamevaa meupe kuanzia kichwani. Mtaa mzima unatoka na simu kupiga picha. Unapelekwa, na wa nyumbani kwako wanapelekwa kukaa mahali pao. Mama mmoja aliyeuza nyanya jirani na kibanda cha shangazi yangu alichukuliwa hivyo. Aliporudi, mzima kabisa, nafasi yake sokoni ilikuwa imekaliwa na mwingine, na wateja wake wakawa wananunua wakiwa wamesimama mbali wanamrushia hela. Alihamia kwao kijijini. Wasafiri waliotua Entebbe Machi 2020 waliwekwa hotelini kwa gharama zao wenyewe, na habari hizo zilitufikia. Chakula cha msaada kiligawiwa Kampala na Wakiso, kilo 6 za unga wa posho na kilo 3 za maharage kwa kila mtu. Sisi wa mpakani tuliokuwa tunaitwa chanzo cha ugonjwa hatukuwa kwenye orodha hiyo.

Kwa hali ile, mtu akikuuzia kipimo kwa elfu mbili, anakuuzia nini? Anakuuzia hati ya kujikamatisha. Hapo hata mimi nisingenunua. Hata kingekuwa bure ningekitupa. Na atakayekuja baadaye na daftari lake kuuliza watu "mbona hamkununua?" ataandika kwamba ni umaskini, au ni ujinga, au ni rolex.

Lakini mpe mtu yuleyule kipimo hichohicho kwa namna ile ya kipimo cha mimba: kimefungwa, jibu ni lake, hakuna anayeandika jina. Kisha umwambie, ukikuta mistari miwili kaa ndani siku hizi kadhaa, na unga utaletwa mlangoni bila king'ora. Atanunua asubuhi na mapema. Atamnunulia na mama mkwe.

Najua linalosemwa na wataalamu na sina budi kulikubali. Vipimo vya haraka hukosea. Kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kukamata angalau 80 kati ya 100 wenye virusi, maana yake wengine wanaambiwa hawana kumbe wanao. Mwenye mstari mmoja anaweza kwenda matangani kwa kujiamini akaambukiza ukoo mzima. Ni kweli. Ila matangani tulikwenda hata bila kipimo, wote, na hivyo vipimajoto vya kuelekezewa kwenye paji la uso getini havikumzuia mtu. Na ni kweli pia kwamba serikali ingekosa hesabu kamili. Sawa, ikose.

Bei ndiyo jambo ambalo sitaki lipite kirahisi, kwa sababu neno "nafuu" hubadilika kutegemea nani analitamka. Julai 2020 tulitangaziwa kipimo cha maabara ni dola 65. Juni 2021, wimbi la pili lilipopiga, baba mdogo alikohoa siku nne. Maabara moja binafsi ilitutajia laki moja kwa kile kipimo cha haraka, kwa kichwa. Nyumba ile ilikuwa na watu tisa. Serikali ilituma laki moja kwa kila kaya iliyochaguliwa mijini, kwa hiyo hata aliyeipata angepima mtu mmoja halafu wote walale njaa. Hatukupima hata mmoja. Tulikisia. Tulimtenga baba mdogo kwa kukisia, tukamrudisha mezani kwa kukisia, na bibi aliyekuwa analala chumba kinachofuata akaanza kukohoa wiki iliyofuata. Baba mdogo alipona. Bibi hakupona, na mpaka leo hatujui alikufa kwa nini, na baba mdogo hajawahi kulisema jina lake tena mbele yetu.

Kwa kibarua anayeshusha mizigo hapa, elfu mbili ni nafuu. Elfu kumi si nafuu, ni kutwa nzima ya kazi, na ana watoto wanne wa kupima. Makerere walizindua kipimo chao cha haraka Machi 2021, kazi iliyoongozwa na Dkt. Misaki Wayengera, na nilishangilia siku ile kwa sababu nilidhani sasa kitatufikia. Akili ya kukitengeneza tunayo hapahapa. Katika maduka ninayonunua mimi sikukiona.

Jana kaka alipita na mzigo wa mafuta ya kupikia. Alikunywa chai kibarazani, amekaa karibu na mama kiasi kwamba magoti yanagusana. Nikamwuliza, usiku ule wa mwembe, kingekuwepo kipimo cha kujipima mwenyewe kwenye lori, ungetoa shilingi ngapi? Hakufikiri.

"Elfu thelathini. Kama ningekuwa na hamsini, hamsini."

Halafu akaniuliza kama sasa vinapatikana, abebe viwili vitatu kwenye kabati la lori, maana huwezi kujua. Nikamwambia nitamtafutia. Leo nimezunguka maduka manne ya dawa. Vya mimba vipo kote. Vya malaria vipo. Cha Ukimwi nimekipata duka moja. Nilipotaja korona, kijana wa duka la nne aliangalia rafu, akaangalia chini ya kaunta, akaniuliza, "Mama, vya korona viliwahi kuuzwa?"