Waacheni watoto wa chekechea wavae majoho

Kila ikifika Novemba Desemba watu wanaanza kuwacheka watoto wa chekechea waliovishwa majoho kwenye mahafali yao, oh joho ni la chuo, oh Bongo tumezidi shughuli, na wanaoongoza kusema ni sisi tuliopo nje. Mimi nipo Uingereza, kwetu Mtwara mjini, na kwa hili naona nyumbani wako sawa kabisa.

Kwanza joho hatukulitoa chuo jamani. Neno la Kiarabu hilo, jukh, yani kitambaa kizito cha sufu, kwetu likawa jina la vazi lenyewe. Enzi za masultani wa Zanzibar lilikuwa la wakubwa, limetariziwa nyuzi za dhahabu, linavaliwa juu ya kanzu. Na harusi za watu wa pwani mpaka leo bwana harusi anatoka na kanzu, joho, kilemba na jambia kiunoni, nani kamuuliza digrii? Sasa sufu kwenye joto la Mikindani, we fikiria, ila ndo raha yake, ukilivaa kila mtu anajua leo huyu halimi wala hapandi mnazi, leo siku yake.

La wazungu lina historia nyingine, wasomi wao wa zamani walikuwa watu wa kanisa wanavaa kikanisa, halafu kumbi za mawe zile baridi usipime. Oxford mpaka leo wanaingia nalo kwenye mtihani, na Marekani 1895 walikaa wakatunga na kanuni, rangi ipi ya fani ipi.

Ila sherehe yenyewe sasa! Mahafali yangu ya chuo huku nilikodi joho kama paundi 50 hivi, wageni kwa tiketi, jina langu likatajwa limekosewa, nikapeana mkono na mzee mmoja, nikashuka, saa kumi nipo kaunta narudisha joho dada wa watu analigeuzageuza kama kuna doa. Tukaenda kula chipsi. Imeisha hiyo.

Dada yangu wa Chuno, huko huko Mtwara, mwanaye kamaliza chekechea juzi, hela ya korosho imeingia, joho la satini la bluu linaburuza chini, kofia imemfunika macho, shada la maua ya plastiki shingoni, na bibi yake anacheza huku anamtunza noti moja moja mpaka mwalimu kaomba apishe wengine. Kusini tunajua haya mambo, mwali akitoka unyagoni si anavishwa kanga mpya? Mtoto akivuka anavalishwa.

Mkitaka kulalamika lalamikieni shule zinazomlazimisha mzazi alipie joho, keki na picha ndo mtoto apewe ripoti, hapo tupo pamoja. Wangu naye zamu yake mwakani, namleta afanyie mahafali huko huko kwa bibi yake, na dada nishamwambia atafute fundi mapema, la kukodi sitaki tena.