Hadubini ya karatasi na kizibo cha soda

Katika shule zetu nyingi za sekondari, hadubini ikiwepo ni moja, na inakaa kabatini chini ya kufuli. Mwanafunzi anaisogelea kwa foleni, anachungulia kidogo, anaambiwa apishe mwenzake.

Ndiyo maana namheshimu sana Manu Prakash, mwanasayansi mzaliwa wa India anayefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Aliikuta hali hiyohiyo kwenye kituo cha utafiti Thailand: chombo cha bei mbaya, watu wanaogopa kukigusa wasije wakakiharibu. Mwaka 2014 yeye na wenzake wakachapisha utafiti wa Foldscope, hadubini ya karatasi unayoikunja mwenyewe na kuipachika lenzi ndogo. Malighafi yake haifiki dola 1. Toleo linalouzwa hukuza kitu mara 140. Weka utando wa kitunguu, elekeza kwenye mwanga, sogeza kwa vidole gumba: seli hizo hapo, zimepangana kama matofali.

Wengi husifia bei. Mimi nasifia zaidi ile kazi ya kuikunja. Mtoto aliyeiunda kwa mikono yake anajua lenzi inakaa wapi na kwa nini picha imefifia, na ikichanika haitwi mzazi wake shuleni.

Mwaka 2013, akiwa Uganda, Prakash alikuta mashine ya kutenganisha damu kwa kuizungusha kasi imegeuzwa kizuizi cha mlango. Mwaka 2017 kundi lake likatoa Paperfuge, mashine ya kazi hiyohiyo lakini ya karatasi na uzi. Inafanya kazi sawasawa na kile kizibo cha soda ambacho watoto wetu hukiponda, wakakitoboa matundu mawili, wakapitisha uzi na kuvuta mpaka kinavuma. Yake hufika mizunguko 125,000 kwa dakika, na haihitaji umeme. Hapo ndipo panaponiuma. Mchezo huu tumeucheza wenyewe uani, halafu darasani tukakaririshwa fomula za mwendo wa mzunguko bila mtu kututajia kizibo.

Sisemi Foldscope ichukue nafasi ya hadubini ya maabara. Kupima malaria kunataka ukuzaji mkubwa zaidi na mtaalamu aliyesomea. Lakini kwa somo la seli inatosha kabisa. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya shule, ningenunulia darasa zima, kila mwanafunzi aandike jina lake juu ya hadubini yake na aende nayo likizo, akachunguze maji ya kisima cha kwao.