Nililala na Kufuli Mkononi

Kwa kuwa kuna rafiki ameshaisambaza habari ya draiva yangu siku ya maonyesho akaitia na chumvi, acheni niitoe mwenyewe. Kwanza, sikuunguza kompyuta. Iliganda tu. Mbele ya watu kumi na wawili, kwenye projekta.

Draiva yangu ya kihisi (programu inayoiwezesha Linux kuongea na kihisi) ilikuwa imefanya kazi wiki mbili bila hata chafya. Ndani yake nashika spinloku, kufuli ambalo wanaolisubiri huzunguka pale pale bila kulala, halafu hapo hapo naomba kumbukumbu kwa GFP_KERNEL. (Wanaojua wameshajishika vichwa. Tulieni.) Kwa wengine: GFP_KERNEL ni namna ya kuomba kumbukumbu yenye ruhusa ya kulala, yaani kusimama na kusubiri, kumbukumbu ikibana, na mwenye spinloku hatakiwi kupata hata lepe la usingizi. Ni kama kujifungia msalani ukasinzia, na walio nje hawaketi kusubiri, wanarukaruka mlangoni mpaka utoke. Kwenye mashine yangu RAM ilikuwa tele, basi usingizi haukuwahi kuja. Na DEBUG_ATOMIC_SLEEP, ile swichi ya ukaguzi ndani ya Linux ambayo ingenipigia kelele tangu siku ya kwanza? Niliizima mwenyewe. Eti inapunguza kasi.

Siku ya maonyesho nikakohoa kidogo, nikasema, "Sasa tuitwishe mzigo." Nikawasha programu ya kula kumbukumbu.

Kishale kikasimama juu ya herufi m. Nikasukuma kipanya. Nikasukuma tena, polepole, kama anayemwamsha mgeni. Saa ya pembeni mwa skrini ikang'ang'ania 10:42. Feni ikaanza kuvuma. Nikabonyeza Caps Lock, taa, kimya. Mtu wa nyuma akauliza kwa upole kabisa, "Huo ndio mzigo wenyewe?" Nami nikajibu, naapa nilijibu hivi: "Inafikiri."

Tukakaa dakika nzima tukiitazama ikifikiri.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikazima kwa kitufe, nikaandika GFP_ATOMIC mbio mbio, nikawasha tena. Kumbe hiyo haisubiri mtu: ikikosa kumbukumbu inakurudishia NULL, yaani patupu, papo hapo, nami sikuwa nimeweka sharti la kuiangalia. Safari hii ilianguka haraka, angalau. Usiku nikahamisha ombi la kumbukumbu likawa kabla ya kushika kufuli, na NULL nikaipimia. Mistari minne, jamani. Minne!

Na wewe uliyenitumia picha ya mto na shuka, nimekuona.