Mwelezeni mgonjwa neoplasia ni nini kabla hajatoka mlangoni

Mama mdogo aligawa leso zake. Doti kumi na mbili, nyingine hata hajazifua bado, zikaenda kwa binti zake na majirani kule Likoni. Akamwita mwanawe mkubwa, akamtajia madeni: nani anamdai, naye anamdai nani. Kwa wiki tatu hakula chakula cha kushiba. Yote hayo kwa neno moja lililopigwa chapa kwenye karatasi ya hospitali: neoplasia.

Aliyempa karatasi alimwambia arudi baada ya mwaka, kisha akaita mgonjwa mwingine. Nje, kwenye benchi, kijana mmoja akalitafuta lile neno kwenye simu, akamwambia, "Mama, hii ni saratani." Akapanda feri akilia, na hakuna aliyemuuliza ana nini.

Mimi habari zilinifikia baadaye, nikaomba kuiona ile karatasi. Nilipoisoma hadi mwisho, mikono ilinitetemeka kwa hasira. Ilikuwa imeandikwa neoplasia ya mlango wa kizazi, daraja la 1. Hiyo si saratani! Ni seli za ngozi ya juu ya mlango wa kizazi zilizoanza kubadilika kwa sababu ya virusi vya HPV, na daraja la 1 ndilo la chini kabisa. Mara nyingi mwili huzisafisha wenyewe bila dawa yoyote. Ndiyo maana aliambiwa arudi baada ya mwaka: kuangalia kama zimeondoka. Daraja la 2 na la 3 ndiyo kwa kawaida hutibiwa, kwa kuzigandisha kwa baridi kali, kuzichoma au kukata kipande kidogo, ili saratani isipate njia.

Maneno hayo yangesemwa pale chumbani kwa dakika moja.

Neno lenyewe halina kutisha ndani yake. Ni la Kigiriki: neos ni mpya, plasis ni kuumbika. Seli zinazaana pasipo mwili kuziamuru, na aghalabu huendelea hata kile kilichozichokoza kikishaondoka. Jipu huvimba, likaiva, likapasuka, likapona; hilo si neoplasia. Sisi tunasema mtu ameota nyama, na kwangu mimi usemi huo unatosha kuanzia. Kinachobaki ni kumwambia mgonjwa nyama yake imeota vipi. Iko inayoota ikakaa pale pale ilipo, kama uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, au fibroidi za kizazi ambazo wanawake wengi mno wanazo. Iko ambayo bado haijavuka mpaka wa ngozi ya juu, kama hiyo ya mama mdogo. Na iko inayopenya nyama za jirani, ikaingia kwenye damu na kwenda kuota kwingine. Hiyo ya mwisho pekee ndiyo saratani.

Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule yule wa kwenye mikoko ya Tudor, na kansa nayo asili yake ni kaa kwa Kilatini. Matabibu wa kale wa Ugiriki waliona mishipa imetambaa kuzunguka uvimbe mfano wa miguu ya kaa, wakalipa gonjwa jina hilo. Watu hawa walikuwa na mgonjwa mbele yao, wakamtafutia mfano anaoweza kuuona. Sisi tuna bahari mlangoni, tunashindwaje?

Hata neno uvimbe, tunalolitumia kila mahali, halitoshi: saratani ya damu haina uvimbe wa kushika, na mlango wa kizazi wa mama mdogo haukuvimba.

Najua foleni zilivyo. Najua watu wanafika alfajiri na daktari ni mmoja. Nakubali pia kwamba kumwambia mtu "si saratani" halafu ukanyamaza ni hatari, maana uvimbe usio saratani ukiwa kichwani unaweza kuua kwa kuubana ubongo tu. Basi semeni na hilo. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu ampe mgonjwa habari za hali yake kwa lugha anayoielewa. Daktari yule Kiswahili anakijua, alikitumia kumwambia akae.

Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata mtaani. Jirani yake, mama wa watoto wanne, alikuwa ameshakubali kwenda kupimwa mlango wa kizazi kwa siki, inayopakwa ili seli zilizobadilika zionekane. Aliposikia habari za mama mdogo akaghairi. Anasema afadhali asijue. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019. Mama aliyeogopa kipimo, binti yake atampeleka kwenye sindano?

Tulimpeleka mama mdogo kwa daktari mwingine. Huyu alivuta kiti akakaa karibu naye, akachora mlango wa kizazi kwenye karatasi, akamwonyesha mabadiliko yako wapi na mpaka uko wapi. Mama mdogo akauliza mara tatu, "Kwa hivyo sijawa na saratani?" Akajibiwa mara tatu.

Nyumbani aliniomba niyaandike yale maneno kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ya kwanza, kwa herufi kubwa, na tarehe ya kurudi. Anaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Jirani ameomba kuisoma.