Malloc kwenye maikrokontrola: tuipige marufuku au tuitumie kwa mipaka?

Kuna ubishi ambao yeyote anayeandika fimwea (programu inayokaa ndani ya kifaa) lazima aukute, nao ni huu: kwenye chipu yenye memori ndogo, je ni sawa programu kuomba memori wakati tayari inakimbia, yaani malloc ya kuomba na free ya kuachia, au kila kitu kitengewe nafasi yake toka mwanzo na kisiguswe tena? Wapo wanaosema malloc ni marufuku, kwisha habari. Wapo wanaosema hayo ni ya zamani, chipu za siku hizi zina nafasi. Mi nimewahi kukaa pande zote mbili na naona kila upande una jambo la maana ambalo mwenzake analiruka.

Tuelewane kwanza udogo wenyewe ni upi. ATmega328P, ile chipu ya Arduino Uno, ina flashi (hifadhi inayobaki umeme ukizimwa) ya kilobaiti 32 lakini RAM, memori ya kufanyia kazi, ni baiti 2,048 tu, na ATtiny85 ina baiti 512, yaani aya hii unayosoma sasa haienei humo. Na hakuna mfumo endeshi wa kukulinda. Kwenye AVR, familia ya chipu hizo mbili, hipu (eneo ambalo malloc inachota) inaanzia pale vigeu vya kudumu vinapoishia inapanda juu, steki (eneo la data ya muda ya fankisheni) inaanzia mwisho wa RAM inashuka, na siku zikikutana hakuna kengele inayolia, steki inaandika juu ya data yako, kigeu kinabadilika thamani bila mtu kukigusa na wewe unakaa siku tatu unaichunguza sensa ambayo ni nzima kabisa.

Sasa upande wa wanaokataza. Hawajatoa haya kichwani tu. MISRA C ya 2012, mwongozo uliozaliwa kwenye programu za magari, unakataza kugawa memori wakati programu inaendelea, na Gerard Holzmann wa maabara ya JPL ya NASA alipoandika sheria zake kumi za kodi salama mwaka 2006 aliweka humo kwamba baada ya kuwasha usiombe memori tena. Sababu kubwa ni memori kukatikakatika. Chukua hipu ya baiti 600 umeigawa vipande sita vya 100, halafu ukaachia cha kwanza, cha tatu na cha tano, hapo una baiti 300 huru lakini ukiomba 150 unanyimwa, maana hakuna sehemu moja yenye 150 zilizoshikana. Nafasi ipo na haipo. Ubaya ni kwamba hali hii haitokei mezani kwako wakati wa majaribio ya nusu saa, inatokea baada ya wiki mbili kifaa kikiwa juu ya nguzo huko.

Halafu kuna kuvuja. Ukisahau kuachia baiti 8 kila dakika, baiti 2,048 zote zinaisha ndani ya masaa manne na robo hivi, na uhalisia ni mapema zaidi kwa sababu sio zote zilikuwa huru. Haba na haba, ila hapa kibaba kinamwagika.

Na usidhani ni shida ya chipu ndogo peke yake. Januari 2004 roboti ya Spirit, siku kama 18 tu baada ya kutua Mars, iliingia kwenye mzunguko wa kujizima na kujiwasha. Mafaili yalikuwa yamejaa kwenye flashi, mfumo wa mafaili ukawa unataka RAM zaidi na zaidi ya kuyaorodhesha, ombi likashindikana, kompyuta ikaanza upya, ikawaka ikasoma mafaili yale yale, ikakwama tena. Ile mashine ilikuwa na RAM ya megabaiti 128! Tatizo lilikuwa ni kitu kinachokua bila kuwekewa dari, na hilo linawezekana kwenye ukubwa wowote.

Lakini upande wa pili nao usikilizwe. Ukitenga kila kitu mapema unalipia hali mbaya kuliko zote za kila sehemu kwa wakati mmoja, hata kama hazitokei pamoja kamwe. Mfano mzuri ni TLS, njia ya kuficha mawasiliano ya mtandao: rekodi moja, yaani kifurushi kimoja, inaweza kubeba data hadi baiti 16,384, sasa ukiweka bafa (nafasi ya kushikilia data) ya kupokea na ya kutuma ni zaidi ya kilobaiti 32 zimefungwa moja kwa moja, kwa ajili ya kazi inayofanyika sekunde chache kila saa. Chipu ya STM32F103C8 ina RAM ya kilobaiti 20 tu, hapo hata usiongee. ESP32, chipu yenye WiFi, ina 520, zinatosha, ila hata humo programu ya WiFi yenyewe inachota kwenye hipu, kwa hiyo anayesema "mimi situmii malloc" kwenye ESP32 anaongelea kodi aliyoiandika mwenyewe tu.

Kuna jambo lingine wakatazaji hawalisemi vya kutosha: kuacha malloc hakukulindi na steki. Fankisheni yenye areyi ya baiti 500 ndani yake, ikiitwa kutoka kwenye intarapti (tukio linalokatiza programu ghafla) wakati mbaya, inakuua vilevile. Na ile bafa ya baiti 64 uliyoitenga mapema, hiyo 64 uliipima au uliikisia tu?

Mi msimamo wangu ni huu. Kwenye kilobaiti 2 usiguse malloc, wala ile String ya Arduino inayoiita kimyakimya, na maandishi yote yabaki kwenye flashi kwa F() au PROGMEM, alama za kodi za kuyaweka huko, maana kwenye AVR bila hivyo yanakopiwa RAM pale inapowaka. Faida yake ni kubwa, ukizidisha vigeu unajua hapo hapo wakati wa kujenga programu, kabla kifaa hakijaenda popote. Ukifika makumi ya kilobaiti, omba unavyotaka wakati wa kuwasha halafu funga mlango, FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo wa chipu kama hizi, ina heap_1, kigawa memori ambacho hakina kuachia kabisa na kinafaa hapo. Kwa vitu vinavyokuja na kuondoka kama pakiti tumia bwawa la vipande vya ukubwa mmoja, utapoteza baiti kidogo ndani ya kila kipande lakini hakuna kukatikakatika. Malloc huru iachie maktaba za mtandao, na hata hapo pima: fankisheni ya FreeRTOS iitwayo xPortGetMinimumEverFreeHeapSize inakuambia hipu iliwahi kushuka hadi wapi, na kwenye ESP32 angalia pia kipande huru kikubwa kuliko vyote, kwa sababu jumla peke yake inadanganya.

Ila swali ninalolijali kuliko yote ni lile linaloachwa wazi kwenye kodi nyingi ninazosoma: malloc ikirudisha NULL, yaani ikinyima, au bwawa likiisha, kifaa kinafanya nini? Mtu wa kufunga programu nyingine hayupo. Kama ni kipima joto, kitupe kipimo cha zamani kipokee kipya. Kama ni seva ndogo, ikatae muunganisho mpya na iwaache walioko ndani wamalize. Kama ni pampu ya dawa, ombi lenyewe lisiwepo baada ya kuwashwa.